Kufuli la Tangi

Jirani zangu, leo nasema na nyinyi wote, na atakayeguswa asininunie. Sitataja jina la mtu. Mwenye kujitambua ajitambue kimyakimya, aende akaitazame nyumba yake.

Nyumba ninayoisema nimepakana nayo ukuta, na asubuhi zake nilizijua kabla hata sijafungua dirisha. Kaka mkubwa alikuwa uani akiyamwagilia maji matofali ya saruji aliyoyafyatua jana yake. Mdogo wake, ambaye sote tulimwita Dereva, alikuwa akiipasha moto injini ya pikapu ya dizeli waliyoachiwa na marehemu baba yao. Mama yao aliketi mlangoni kwenye kigoda, birika la chai miguuni, akiwatania kwa zamu. Kaka alifyatua, mdogo akasambaza kwa wateja, mke wa kaka akawapokea wanunuzi wa pale nyumbani. Pikapu ilikuwa kuukuu, rangi imebabuka, mlango mmoja unafungwa kwa kamba, lakini ikiguswa stata tu inanguruma. Niliwaonea wivu, sifichi. Kwangu mimi watu waliamka wakigombania ndoo.

Amani ile iliondoka kwa sababu ya dumu.

Mmoja wetu, na hapa natazama upande wa dukani, alimwona Dereva kando ya barabara ameinama karibu na pikapu, dumu mkononi. Hakusogea kuangalia, hakuuliza. Alikwenda mbio kumwambia kaka mtu, "Wewe unatoka jasho, mwenzako anauza dizeli." Dumu lile lilikuwa la maji. Rejeta ilikuwa ikivuja, na Dereva alikuwa akiiongezea maji. Lakini maneno yakishatoka mdomoni hayana breki.

Siku hizo walikuwa wakipeleka matofali kwenye ujenzi mpya kule mlimani, mzigo umejaa, njia yote ni kupanda, kwa hiyo dizeli iliisha upesi kuliko zamani. Mtu mwenye akili iliyotulia angeuona mlima. Kaka mtu hakuuona. Alishaambiwa kuna mwizi, basi kila alichokitazama kikawa ni mwizi.

Alikwenda kwa mchomeleaji, na mchomeleaji mwenyewe ndiye aliyenisimulia walivyozungumza.

"Nitengenezee kifuniko cha tangi cha chuma, chenye kufuli. Weka na mpira wa kuzibia pande zote, kikae kikaze."

"Nitoboe kitundu kidogo hapa katikati? Hiki chako cha zamani kinacho."

"Kitundu cha nini, apitishe mpira wa kunyonyea? Ziba. Nataka hata harufu isitoke."

"Gari ni lako, mzee," mchomeleaji akasema, akashusha miwani yake ya kazi.

Tangu siku ile ufunguo wa lile kufuli ulining'inia kiunoni mwa kaka mtu pamoja na funguo nyingine zote za nyumba, ukilia chaga chaga kila akipita. Ndipo tukampa jina la Funguo. Alipokifunga kile kifuniko asubuhi, mbele ya mama yao, Dereva alikuja na kitambaa chake cha kufutia vioo akasimama.

"Hiki nini, kaka?"

"Kifuniko."

"Nakiona. Nauliza ni cha kumfungia nani."

"Anayejijua haulizi."

"Wanangu, chai inapoa," mama akasema.

Hakuna aliyekunywa. Na maneno yale ndiyo yakawa ya mwisho kati yao, kwa miezi. Walikaa nyumba moja, wakala meza moja, lakini kila neno lilipitia kwa mama kana kwamba yeye ni dirisha la posta.

"Mama, mwambie mwanao matofali ya mlimani yanatakiwa kabla ya mchana."

"Mama, mwambie mwanao nimesikia. Masikio yangu mimi hayana kufuli."

"Mama, mwambie mwanao mdomo wake ndio unaohitaji kufuli."

Na yule mama wa watu anageuza shingo huku na huku, akijaribu kuyapunguza makali. Akiambiwa, "Mwambie ni mwizi," yeye husema, "Kaka yako anauliza kama dizeli inatosha." Akiambiwa, "Mwambie ana roho mbaya," husema, "Mdogo wako anasema ataangalia." Lakini wao walikuwa pale pale, wamesikia yote, na ule upole wake uliwaudhi zaidi. Nisichoweza kukisamehe ni hiki: mama yule alikuwa na presha, na wote wawili waliketi benchi moja hospitali wakamsikia daktari akisema asiudhiwe, na kwamba siku mtakapoona uso wake umelegea upande mmoja au ulimi umekuwa mzito, msisubiri chochote, mleteni mbio, maana dakika zina thamani. Walitikisa vichwa. Wakarudi nyumbani wakaendelea.

Haukupita muda, pikapu ikaanza kuzima njiani. Ilikuwa ikiondoka vizuri tu, ikifika mbali kidogo na mzigo inapungua nguvu, inakohoa, inanyamaza. Dereva akipiga stata inazunguka bure. Akiiacha ipumzike sana, huwaka, huenda kidogo, huzima tena. Wateja wakaanza kununua matofali kwingine.

Funguo alipoletewa malalamiko na mama, alikwenda mwenyewe kwenye pikapu. Alifungua kufuli, akatumbukiza kijiti chake kupima dizeli, akafunga, akaiendesha kuzunguka mtaa. Ikaenda bila tatizo. Akarudia siku nyingine, vilevile, na tena ikaenda. Alishuka akipangusa mikono.

"Mama, mwambie mwanao kwangu mimi gari halizimi. Linamzimikia yeye tu. Anataka nichoke niondoe kufuli, arudie biashara yake."

Nanyi majirani mlitikisa vichwa, mkasema kweli, ushahidi huo hapo. Nawakumbuka mliosema.

Wakaenda kwa fundi mmoja mwanamke mwenye gereji karibu na kituo cha mafuta, tunayemwita Mama Spana. Ni fundi mzuri, ana ulimi mkali, hapendi kuingiliwa. Alimtaka Funguo awepo, kwa kuwa ufunguo ni wake.

"Fungua tangi kwanza. Ugonjwa wa dizeli naufuata kwa njia yake, kuanzia tangini mpaka kwenye nozeli zinazoyapulizia mafuta ndani ya injini. Siruki hatua."

Funguo akafungua. Dizeli ilikuwepo ya kutosha. Mama Spana akamwaga kikombe cha chini ya filta, akakiinamisha kwenye mwanga: hakuna maji. Filta yenyewe akabadilisha. Akalegeza mpira upande wa pampu kubwa, akapiga pampu ya mkono, ile ndogo ya kusukumia mafuta kwa kiganja, na dizeli ikatoka nyororo, haina povu. Maana yake hakuna mahali panapovuta hewa. Akakaza, akawasha. Pikapu ikanguruma mpaka waliokuwepo wakaambiana kwa ishara.

"Nzima hii," akasema, naye hakufurahi kusema hivyo. "Sijaona kitu."

"Hukuona kwa sababu hakipo kwenye gari," Funguo akamjibu. "Kimesimama hapo na kitambaa."

Siku chache baadaye ikazima mlimani, imejaa matofali. Mama Spana akaitwa huko huko. Safari hii Funguo hakuwepo, tangi halikufunguliwa. Akabonyeza pampu ya mkono: ikaenda chini, haikurudi juu. Akaguna. Akaanza kuuchomoa mpira unaotoka tangini, akausikia ukinyonya, akapuliza kwa nguvu kurudi nyuma, akarudisha, akapiga pampu. Pikapu ikawaka.

"Kuna uchafu tangini," akasema. "Ulikuwa umeziba mdomo wa bomba." Hapo fundi alikosea, na baadaye alikubali. Lakini neno hilo la uchafu lilipofika nyumbani lilikuwa petroli kwenye moto.

Safari hii Funguo hakupitia kwa mama. Alimkamata mdogo wake kola uani, mbele ya wateja. Hakumwambia yeye, aliwaambia waliokuwepo: "Tangi nimelifunga mimi. Uchafu umeingiaje? Aliutia kabla sijafunga. Anaua gari la baba." Mama yao aliinuka kwenye kigoda akajitia katikati. Akawaachanisha. Siku ile ile Funguo akaondoa boksi la spana kwenye pikapu, ili mdogo wake asiweze kufungua mpira wowote wa mafuta, akamwachia jeki na spana ya tairi peke yake. Akatangaza kwamba mwezi ukiisha Dereva atafute pa kukaa.

Sasa sikilizeni.

Siku moja mchana Funguo alikuwa upande wa pili wa mji kwa muuza saruji. Dereva ndiyo kwanza anarudi kutoka mlimani, pikapu inakohoa kohoa. Mama alikuwa akimmiminia chai. Kikombe kikamtoka. Alitaka kusema kitu, ulimi ukaburuta, na upande mmoja wa uso ukashuka. Nilisikia mke wa Funguo akipiga kelele, nikapanda juu ya ndoo nikachungulia. Dereva alishambeba mama yake. Walimlaza kwenye kiti, kichwa mapajani kwa mke wa Funguo, wakaondoka kwa kasi.

Waliyoyapata njiani nimesimuliwa na huyo shemeji mtu.

Pikapu ilizima kwenye kilima cha kwenda hospitali. Dereva akapiga stata mpaka betri ikaanza kuchoka. Akafungua boneti, akabonyeza pampu ya mkono. Ikazama, ikabaki chini. Alihitaji spana aufungue mpira kama alivyomwona fundi akifanya, na spana zilikuwa nyumbani, chini ya kitanda cha kaka yake. Shemeji alisimama katikati ya barabara akipunga khanga. Magari yakamkwepa. Pikipiki moja ilisimama, ikamwona mgonjwa hawezi kuketi, ikaenda zake.

Dereva akachukua simu. Miezi yote ile hakuwahi kumpigia.

"Kaka, gari limezima. Mama amepata kiharusi, hasemi. Njoo na ufunguo, au mtume mtu mwenye gari."

"Kwangu halizimi."

"Kaka, nakuomba. Huyu ni mama."

"Leo umemtia na mama kwenye mchezo wako? Washa gari uende. Unajua ulichokifanya, kifanyue." Akakata.

Shemeji akapiga kwa simu yake. Mumewe akapokea, akasema, "Na wewe amekununua?" Akakata tena, kisha akaizima simu kabisa.

Mama alikuwa akiwatazama kwa jicho moja. Mkono wake mzima ulikuwa ukiupapasa mlango.

"Shemeji, fungua tangi tuone kama kuna mafuta," mke wa Funguo akasema.

"Ufunguo anao yeye."

"Basi vunja."

Dereva alikwenda mpaka kwenye tangi na spana ya tairi mkononi, akasimama. Hakuvunja. Jirani zangu, hapa ndipo roho yangu inapouma hasa. Alisimama pale kwa sababu alijua akilivunja lile kufuli atakuwa mwizi maisha yake yote. Alimwambia shemeji yake, "Nikilivunja, hakuna atakayeniamini tena." Akarudi kwenye boneti, akabonyeza tena ile pampu isiyorudi, akabonyeza, akapiga stata, akabonyeza. Muda unakwenda. Mama analegea.

"Na sasa hivi nani anakuamini?" shemeji akamuuliza kutoka ndani. "Vunja, au nitalivunja kwa meno."

Akavunja. Kifuniko kilipolegea tu, tangi likavuta hewa kwa sauti ndefu, fyuuuu, mpaka mke wa Funguo akaisikia alipokuwa. Dereva akakimbilia mbele. Pampu ya mkono ilikuwa imeinuka yenyewe. Akaipiga, ikajaa, akashika stata, na pikapu ikawaka kwa nguvu iliyobaki kwenye betri. Akaziba mdomo wa tangi kwa kitambaa chake cha vioo, wakaenda mpaka hospitali bila kusimama.

Daktari aliwauliza mbona wamechelewa.  Akasema mama atapona roho, lakini upande mmoja wa mwili umekwenda, na sauti imekwenda, na kwamba wangemfikisha mapema angekuwa na mengi zaidi ya kumfanyia.

Funguo alirudi nyumbani, akaambiwa na majirani, akafika hospitali jioni jua lingali juu. Alipita kwanza kwenye maegesho, akaiona pikapu, akaliona na lile tambara kwenye mdomo wa tangi. Akaingia mpaka kwenye kibaraza cha wodi, kufuli lililovunjika mkononi.

"Nani kavunja?"

Mkewe akasimama. "Mimi ndiye niliyesema livunjwe. Nenda ukamwone mama yako, kisha urudi uniulize habari za kufuli."

Alikwenda. Alipotoka alikuwa na uso mwingine, lakini shuku haikumtoka, na hilo ndilo la kutisha. Kesho yake alimwita Mama Spana pale pale hospitali, akatuita na baadhi yetu. Alitaka fundi aseme mbele ya watu mdogo wake aliliharibu vipi gari. Alisema kwa sauti kubwa, ili asije akalia.

Lakini Dereva alikuwa ameshamweleza Mama Spana kuhusu ile sauti.

"Siku zote nimeanza kwa kufungua tangi," fundi akasema. "Leo naanza kwa kulifunga."

Akakikaza kile kifuniko cha chuma, akatia kufuli jipya, ufunguo akampa Funguo. Akawasha gari, akakanyaga mafuta, akashikilia. Tukasimama. Pikapu ikanguruma, ikaendelea, na hatimaye ikapungua, ikakohoa, ikazima. Hakuna mtu aliyekuwa ameigusa kwingine.

"Njoo ubonyeze hii pampu."

Funguo akabonyeza. Ikazama, haikurudi.

"Sasa nenda ukafungue tangi lako."

Akafungua. Fyuuuu. Mbele yetu sote ile pampu ikainuka polepole.

"Mafuta yakitoka tangini, hewa lazima iingie ishike nafasi yake," Mama Spana akasema. "Wewe umeziba kila kitu, hata kile kitundu cha kifuniko, pampu inavuta mpaka inashindwa. Kwako halizimi kwa sababu kila ukiliendesha unafungua tangi kwanza, upime umeibiwa kiasi gani. Mwenzako hana ufunguo. Na mimi nimo kwenye kosa hili, maana kila mlipokuja gereji nilikufungulisha kabla sijatazama, na siku ya mlimani nilisingizia uchafu."

"Tufanye tena," Funguo akasema.

Wakafanya tena. Ikazima tena.  Alishika ule ufunguo akiutazama, kisha akaketi chini kwenye kokoto, mtu mzima yule, na hakuna aliyemwinua. Mwenye duka alikuwepo. Alijipenyeza nyuma yetu akaondoka, nami nikamfuata kwa macho mpaka kona.

Mama alirudi nyumbani. Kigoda hakimfai tena, amewekewa kiti chenye mikono. Pikapu ina kifuniko chake cha zamani na inapanda mlima kila siku. Dereva amehamia chumba cha kupanga mtaa wa nyuma. Asubuhi anakuja, anapakia, anamnywesha mama yake chai kwa kijiko, anaondoka.

Asubuhi moja nilikuwa ukutani nikianika nguo. Ndugu wawili walikuwa uani, mama kati yao. Funguo, kwa mazoea yaliyomkaa mwilini, akasema, "Mama, mwambie mwanao mchanga umeisha."

Mama akafungua mdomo. Akajitahidi, mishipa ya shingo ikasimama, jicho moja linamtazama huyu, linahamia kwa yule. Ikatoka sauti isiyo na neno ndani yake. Akajaribu tena. Alikuwa bado anataka kuupeleka ule ujumbe.

Funguo akaziba uso kwa mikono.

"Nimesikia," Dereva akasema, akimfuta mama yake mate. Akachukua ufunguo wa gari akaondoka. Sidhani kama neno lile lilikuwa msamaha.

FUNZO

Jirani zangu, shuku ikiachwa bila kuulizwa hujitengenezea ushahidi wake yenyewe. Funguo aliweka kufuli kumzuia mwizi, kufuli likaliua gari, na kufa kwa gari kukawa ndio uthibitisho wa wizi. Angeuliza siku ya kwanza, "Dumu lile la nini?" angejibiwa, "La maji," na mama yao angekuwa anawatania mpaka leo.

Ukimwona mtu na dumu, sogea uangalie lina nini kabla hujalipeleka kwa nduguye. Ukiwa na neno na ndugu yako, mwambie yeye mwenyewe, usimbebeshe mzazi. Na usijigambe kwamba kwako halizimi, kama ufunguo ni wewe tu unao.

Mwenye nduguye ambaye hawasemeshani, aende leo. Msingoje mpaka yule anayewapelekea maneno ashindwe kusema.